Pengo la Husuni ya Kivuma

Tulieni, watu wa Kivuma, na wewe unayetafuna karanga huko nyuma tafuna taratibu, maana habari hii haisemwi juu ya kelele. Ni habari ya zama za kale, kabla adhana ya kwanza haijasikika katika pwani hii, wakati babu wa babu zetu walipoishi katika vibanda vya udongo na makuti, na husuni hii, ngome mnayoiegemezea migongo yenu, ilikuwa bado ni matumbawe chini ya bahari. Ni habari ya Ngwali Mabega, Ngwali mbeba boriti, mwana wa mitaa miwili, aliyezaliwa na Mkame wa Kisimani na Jaha wa Mwambani, ambaye kabla yake hatukuwa mji na baada yake hatukuwahi tena kuwa kijiji. Nami nitaieleza kama alivyoiona Mize, dada yake, kwa sababu yeye ndiye aliyemlea, na sikio langu limeipokea kwa wazee waliopokea kwa wazee waliomsikia Mize mwenyewe.

Wakati huo Kivuma ilikuwa mitaa miwili iliyopeana mgongo. Mwambani walikaa juu ya jabali penye upepo, Kisimani walikaa bondeni penye maji matamu, na katikati palikuwa na uwanja mtupu ambapo hapakuota kitu ila magugu. Msidhani walipigana. Kupigana kuna mwisho, watu huchoka wakapatana. Wao walishindana, na kushindana hakuchoshi. Walishindana kwa ngoma, wakashindana kwa harusi, wakashindana hata kwa misiba, nani amelia zaidi, maiti wa nani amesindikizwa na umati mkubwa. Na sheria ya mashindano hayo ilikuwa moja tu: anayemfuata mwenzake ameshindwa. Mwambani wakianika samaki juani, Kisimani wataanika kivulini waoze, ili mradi isisemwe kwamba wameiga. Mnacheka. Chekeni, ila mnajijua.

Basi katika ugomvi huo usio na mwisho, Mkame wa Kisimani alimpenda Jaha wa Mwambani akamwoa, na ndoa hiyo haikumfurahisha mtu. Walijenga kibanda chao palepale katikati ya uwanja, kwa kuwa hapakuwa na mtaa uliokubali kuwapa kiwanja. Wakamzaa Mize, na baada ya miaka mingi wakamzaa Ngwali.

Na kila mwaka bahari inapotulia, walikuja watu wa Mbweka. Mbweka ulikuwa mji wa ng'ambo wenye vyombo vingi na mtawala mwenye tamaa, naye alitaka watu wa kufanya kazi mashambani mwake, na watu hao aliwachukua kwetu. Walishuka maji yanapojaa, wakakamata waliowakuta, wakaondoka kabla maji hayajatoka, kwa kuwa mlango wetu wa bahari una miamba na chombo kinachochelewa hukwama. Mwaka ambao Ngwali alikuwa bado ananyonya, Mkame alikuwa wa kwanza kuuawa, amesimama ufukweni na gongo. Jaha alimfunga Ngwali mgongoni mwa Mize, akawashika, akakimbilia Kisimani. Watu wa huko walikuwa wameziba njia yao kwa miiba. Wakamwambia kutoka ndani kwamba yeye ni mtoto wa Mwambani, aende kwao. Akakimbilia Mwambani. Wakamwambia kutoka juu kwamba yeye ameolewa Kisimani, aende kwa mumewe. Aliwasukuma watoto wake ndani ya shimo la kuchimbia udongo, akalifunika kwa magugu, kisha akakimbia upande mwingine ili macho ya watu wa Mbweka yamfuate yeye, na hakuonekana tena Kivuma.

Mize aliona hayo kwa tundu la magugu, na kuanzia siku ile aliwachukia watu wa mitaa yote miwili kwa chuki ambayo hakuificha. Aliwasalimia kwa kuwa ni adabu kusalimia. Zaidi ya hapo hakuwapa kitu. Moyo wake wote alimpa yule mtoto wa mgongoni.

Na mtoto alikua. Aliota mabega kama mihimili ya nyumba, hata ikabidi mlango wa kibanda chao upanuliwe, na kabla ndevu hazijamtoka alikuwa akibeba peke yake boriti ambazo wanaume hubeba kwa zamu. Hadithi za nguvu zake ni nyingi, na nyingine, niseme ukweli, zimetiwa chumvi. Hii ya kwamba alimrusha ng'ombe juu ya paa mimi siiamini. Lakini nguvu zilikuwa nusu ya Ngwali. Nusu yake ya pili ilikuwa akili yenye hila. Aliwatazama watu wa Mbweka wakija mwaka hata mwaka, akawatazama watu wake wakifungiana milango, na siku moja akamwambia dada yake kwamba atajenga husuni ya mawe itakayoizunguka mitaa yote miwili kwa ukuta mmoja.

Mize alimuuliza nani atakayejenga. Alimkumbusha kwamba watu hawa hawajawahi kuchimba hata kaburi pamoja.

"Dada," akasema Ngwali, "hawa hawawezi kupendana, lakini kushindana wanajua. Nitawajengesha kwa kile wanachokijua."

Akaenda Kisimani kwa Mwinyi Vuai, mkubwa wa mtaa ule, ambaye kwa upande wa baba alikuwa ami yake, akamweleza kwa masikitiko kwamba Mwambani wanasema Kisimani hawawezi kusimamisha hata jiwe juu ya jiwe. Kisha akaenda Mwambani kwa Mwinyi Shaame, mjomba wake, akamweleza maneno yaleyale yamegeuzwa. Pande zote mbili zilihamaki. Ngwali akawaita uwanjani, akachomeka kigingi cha mkoko upande wa nchi kavu, mahali ambapo ukuta utakutana, akatamka mbele yao wote: wote waanze kwenye mwamba mmoja ufukweni, mtaa mmoja ukizungukia kaskazini na mtaa mwingine ukizungukia kusini, na mtaa utakaofika kwanza kwenye kigingi, mkubwa wake ndiye atakayekaa kulia katika baraza la mji milele.

Jamani, kazi iliyofanyika! Wanaume walipiga mbizi wakakata matumbawe, wakayachonga yakiwa mabichi. Walipanga magogo ya mikoko kama gurudumu, wakarundika matumbawe juu yake, wakawasha ili yaungue yawe chokaa, na moshi wa tanuri ukaonekana hadi visiwa vya mbali. Mize ndiye aliyesimamia chokaa. Alihakikisha inalazwa shimoni mvua zinyeshe juu yake, na aliyejaribu kuichota kabla haijalainika kama samli alifukuzwa kwa mwiko. Chokaa yake iligawiwa kwa makanda ya ukili, sawa kwa sawa, kanda kwa kanda, kaskazini na kusini. Na Ngwali mbeba boriti alikuwa kila mahali, asubuhi anabeba mawe ya Kisimani, jioni anabeba mawe ya Mwambani, na kila upande ukidai kwamba ni mwana wao.

Ukuta ulipanda. Ulizunguka mji kwa pande zote mbili ukiwa na unene wa watu wawili waliolala, na juu yake watu waliweza kutembea. Na wakafika. Walifika kwenye kigingi siku moja, pande zote mbili, alfajiri moja, na hapo ndipo hila ya Ngwali ilipomrudi.

Kila mwashi anajua kwamba ukuta unaosubiri kuunganishwa huachiwa meno, jiwe moja limetokeza na jingine limeingia, ili ukuta mwenzake uumane nao. Watu wa Mwambani walimaliza upande wao bila meno, laini, umepigwa lipu. Walitaka kusema kwamba wao wamefika, hawamngojei mtu. Na watu wa Kisimani nao, bila kushauriana na mtu, walifanya vilevile. Katikati pakabaki pengo lenye upana wa mabega ya Ngwali, na kigingi kimesimama ndani yake. Mwambani wakasema wao walitangulia, basi anayekuja nyuma ndiye azibe. Kisimani wakasema hivyohivyo. Kuweka jiwe katika pengo lile kulikuwa ni kuungama kwamba mwenzako alikuwa pale kabla yako, na hakukuwa na mkono mmoja katika Kivuma uliokuwa tayari kuungama hivyo.

Ngwali alicheka mwanzoni. Kisha akaacha kucheka. Aliwasihi, akawapigia magoti wazee, akaahidi viti viwili vya kulia katika baraza, jambo lisilowezekana hata kwa fundi seremala. Mwishowe akaziba pengo mwenyewe kwa mikono yake. Asubuhi yake mawe yalikuwa chini. Kisimani walisema kwamba aliziba kama mtoto wa Jaha, yaani kwa niaba ya Mwambani, na Mwambani wakasema aliziba kama mtoto wa Mkame. Akaziba tena, yakabomolewa tena, na safari hii hakukuwa na aliyekiri. Mize alikuja akamkuta ndugu yake amekaa juu ya yale mawe, mikono yake imebabuka kwa chokaa, na alitaka kumwambia kwamba alijua tangu mwanzo. Badala yake alimpaka mafuta ya nazi mikononi.

Ndipo bahari ikatulia, na watu wa Mbweka wakaja. Walikuja wengi kuliko mwaka wowote, kwa kuwa habari za husuni zilikuwa zimewafikia na mtawala wao hakupenda mawindo yake yajifungie. Mitaa yote miwili ilikimbilia ndani ya ukuta, kila mtu akapanda juu ya upande aliojenga yeye, na kila upande ulilindwa vizuri sana. Pengo halikuwa la mtu.

Ngwali Mabega akaingia ndani ya pengo akasimama. Mabega yake yaliligusa jiwe la Mwambani kwa huku na jiwe la Kisimani kwa huku, na watu wa Mbweka wakawa hawana njia nyingine ila kumwendea mmoja mmoja. Alikuwa na boriti ya mkoko badala ya mkuki. Tangu maji yalipojaa mpaka yalipoanza kutoka alisimama pale, nao wakaja na kuanguka, wakaja na kuanguka, na Mize nyuma yake alimpa maji kwa kata na kuona damu ikishuka kwenye visigino vyake. Juu ya kuta watu walitazama. Wengine walirusha mawe, ni kweli, nisiwanyime haki yao, lakini kila mtaa ulirusha kwa adui aliyekaribia upande wake.

Maji yalipotoka, watu wa Mbweka walirudi haraka vyomboni wasije wakakwama, wakaelea nje ya miamba kungoja maji ya jioni. Hapo Ngwali akateremka taratibu, mgongo wake umeegemea ukuta wa Mwambani na miguu yake imekanyaga ukuta wa Kisimani, akakaa. Alikuwa amechomwa ubavuni na tumboni. Mize alipofungua nguo yake kumtazama aliifunga tena.

Watu walishuka kutoka kwenye kuta zao. Kwa mara ya kwanza walisimama wamechanganyika, kwa sababu kila mmoja alitaka kumwona na hawakukumbuka kuchagua pa kusimama. Mwinyi Vuai alilia. Mwinyi Shaame akaanza kusema wambebe wampeleke Mwambani akauguzwe, na Mwinyi Vuai akafuta machozi akasema hapana, atapelekwa kwa ukoo wa baba yake, Kisimani. Na wakaanza kubishana. Ndiyo, wakaanza kubishana hapohapo, juu ya kichwa cha mtu anayekata roho.

Ngwali akainua mkono wakanyamaza.

"Ami yangu, mjomba wangu," alisema, "mkono wangu mliubishania mkabomoa nilichokijenga. Lakini Kivuma hakuna anayebomoa kaburi. Nizikeni hapa nilipo. Mwambani ungeni jiwe lenu kwangu, na Kisimani ungeni jiwe lenu kwangu, na hakuna atakayesema kwamba alimfuata mwenzake. Jengeni sasa hivi. Maji yakirudi sitaweza kusimama."

Hakukuwa na aliyesogea. Walimwelewa vizuri, na hicho ndicho kilichowagandisha. Kumzika mtu aliyekufa ni jambo la kila siku, lakini huyu alikuwa anawatazama. Mwinyi Shaame alisema kwa sauti ndogo kwamba wangoje kidogo, wangoje mpaka amalize. Mbali, nje ya miamba, maji yalikuwa yameanza kugeuka.

Ngwali akamtafuta dada yake kwa macho. Mize alikuwa amepiga magoti na kanda la chokaa mbele yake, kwani alikuwa amelileta bila kujua kwa nini, kwa mazoea ya kazi. Aliinama karibu na uso wake ili wengine wasisikie, akamwambia kwamba hawafai. Alimwambia kwamba ndio hawa waliomfungia mama njia, huyu Vuai na huyu Shaame, alizisikia sauti zao kwa masikio yake, na kwamba yeye angeweza kumbeba mgongoni kama alivyombeba zamani, wakaondoka wawili, maji yarudi na kuwakuta hawa wakibishana.

"Dada," alisema Ngwali, "watoto wao hawakumfungia mama njia."

Mize alitazama. Kulikuwa na watoto katika lile kundi, wa mtaa gani haikujulikana, wamesongamana na kushika nguo za yeyote aliyekuwa karibu. Kisha akaondoa mtandio wake akamfunika ndugu yake kifuani, akamfuta vumbi la chokaa kwenye nyusi, akamuuliza kama ana kiu. Akasema hana. Akamuuliza kama anaogopa. Akasema anaogopa kidogo.

"Basi nitaimba," alisema Mize, "ujue kwamba nipo upande huu."

Akachota chokaa kwa kiganja, hakutumia mwiko, akaipaka chini miguuni pake, akainua jiwe, akaliweka. Na akaimba ule wimbo aliokuwa akimbembelezea tangu shimoni, wimbo ambao haukuwa na maneno mengi, na sauti yake haikutetemeka mpaka jiwe la tatu. Ilipotetemeka, mwanamke mmoja wa Kisimani aliupokea wimbo, na mwanamke wa Mwambani akaupokea kutoka kwake, na hakukuwa na aliyekumbuka kwamba huko ni kufuata. Ndipo wanaume wakakimbia kuchukua mawe. Walibomoa lipu waliyoipiga kwa kiburi, wakatoa meno kwenye kuta zote mbili, wakajenga kutoka huku na kutoka huku kumfuata yule mtu aliyekuwa katikati. Mawe yalipofika kifuani Ngwali bado alikuwa akimtazama dada yake. Yalipofika shingoni macho yalikuwa yamefumba, na wengine wanasema roho ilikuwa imetoka, na wengine wanasema haikuwa. Mize aliulizwa maisha yake yote, na hilo hakulijibu kamwe.

Maji ya jioni yalipojaa, watu wa Mbweka waliteremka wakaenda moja kwa moja penye pengo, wakakuta ukuta mzima na chokaa mbichi. Walijaribu kwa shoka na kwa magogo. Juu yao walikuta kitu ambacho hawakuwahi kukiona katika pwani hii, watu wa Kisimani wamesimama juu ya ukuta wa Mwambani na watu wa Mwambani juu ya ukuta wa Kisimani, wote wamejazana mahali pamoja na wote wanarusha mawe, na sauti zao ni moja. Waliochelewa kurudi walikwamisha vyombo vyao miambani, na mbao zake ndizo zilizokuwa milango ya kwanza ya husuni, miwili, iliyolingana, iliyotobolewa baadaye mmoja kwa kila upande wa kaburi. Mbweka hawakurudi tena kuchukua watu Kivuma. Na baraza la mji likawekwa duara, lisilo na kulia wala kushoto, kama mnavyoliona mpaka leo.

Mwinyi Vuai na Mwinyi Shaame walimwendea Mize pamoja wakamtaka aishi katika nyumba ya mawe watakayomjengea, mahali popote atakapochagua. Alichagua palepale uwanjani. Waliposimamisha kuta na kubakiza jiwe la mwisho juu ya mlango, waashi waliweka miiko chini wakarudi nyuma, wakamwachia yeye aliweke, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuweka jiwe la mwisho mbele yake. Naye aliliweka kwa kiganja, akashuka, akanawa mikono.

Tangu hapo ikawa ndiyo ada yetu, nanyi mnaifanya, hata nyie vijana mnaojenga kwa saruji na mabati. Mtu wa Kivuma akijenga nyumba, jiwe la mwisho huwekwa na dada yake, au binti wa ami yake, au wa mjomba, ili mradi ni mwanamke anayemwita kaka au mdogo wangu. Mwenye nyumba hupigiwa vigelegele na mafundi hupewa chakula. Lakini yule dada anaposhuka kwenye ngazi na chokaa mkononi, watu wote hunyamaza, wakubwa wa Mwambani na wakubwa wa Kisimani humwendea kwa pamoja, na hakuna anayempa hongera. Humshika mkono, wakamwambia pole.